Ndani ya Vigingi

Ufukwe mzima ulimjua kwa jina la Mama Fremu, ingawa hakuwa na mtoto mwenye jina hilo, wala mtoto wa jina lolote bado, na midomo ya watu haikuacha kulishughulikia jambo hilo. Jina lilitokana na kidude alichozunguka nacho: mraba wa bomba la plastiki, mdogo kiasi cha kupita mlangoni bila kuinamishwa. Kila bamvua, maji yakipwa mpaka kule mwisho, alishuka pwani na fremu begani, kamba mkononi na miwani ya kuzamia shingoni, akaenda kupima majani. Si majani ya mbuzi, hapana. Majani ya bahari, yale yanayotandaa chini ya maji kama zulia, ambamo samaki wadogo hujificha mpaka wakue, wapate ujinga wa kutosha wa kwenda kunaswa na nyavu za watu.

Kazi yenyewe ukielezwa unaiona nyepesi. Alilaza fremu palepale alipoilaza mara iliyopita, akakadiria majani yamefunika sehemu gani ya ndani yake, akahesabu samaki wachanga waliokimbia na walioshindwa kukimbia, akatuma namba ofisini. Kila kituo cha kupimia kilikuwa na vigingi vinne vya nondo vyenye rangi nyekundu, na Mama Fremu mwenyewe aliwazungukia wavuvi na wachimba kome akiwaomba: jamani, ndani ya vigingi mtu asikanyage, asichimbe, asiburute wavu. Watu walimcheka. Walimuuliza kama bahari ikinyoa nywele atawaambia. Lakini walimsikiliza, na hakuna aliyekanyaga.

Yaani, hakuna isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa akila naye sahani moja.

Mama mkwe wake aliitwa Bibi Kijiko, kwa sababu ya kijiko kikubwa cha upawa alichochimbia kome tangu mumewe yuko hai. Siku hizi kome walikuwa wamechimbwa na kila mwenye mikono, wamebaki vijitu vyembamba visivyojaza hata kikombe. Basi siku moja bibi huyo akapita karibu na kituo cha tatu, akachungulia ndani ya vigingi, akaona vitundu vya kome vimejaa tele, hakuna aliyevigusa. Akasimama. Akawaza kama anavyowaza mtu ambaye tayari ameshaamua.

"Aliyeweka vigingi ni nani? Si mkwe wangu?" alijiuliza kwa sauti, bahari ikiwa shahidi. "Tangu lini mtu akakatazwa kuingia shambani kwa mkwewe? Wamekatazwa watu. Mimi si watu, mimi ni mama mkwe."

Akakunja nguo, akaingia.

Kuanzia hapo nyumba ile ilikula kome wanene. Mama Fremu mwenyewe aliwasifia. "Mama, hawa umewatoa wapi, mbona wamenona hivi?" Na Bibi Kijiko alijibu kwa unyenyekevu mkubwa, "Mungu ndiye anayegawa, mwanangu. Wewe kula."

* * *

Walikula sebuleni, katikati ya friji mbovu. Mume alikuwa fundi wa friji, na wateja wake walikuwa na tabia moja: wanaleta friji haraka haraka kana kwamba kuna mgonjwa, kisha hawarudi. Friji moja ilihifadhi nguo, nyingine ilikuwa kabati la vyombo, na ile kubwa isiyo na mlango ilikaliwa na paka. Nyumba ilisimama kwa mkataba wa Mama Fremu, na wote watatu walilijua hilo bila kulisema, hasa mume, ambaye alipendelea lisisemwe kabisa.

"Kituo cha tatu kinanitia aibu," Mama Fremu alisema jioni moja, kabla hajala hata tonge. "Vingine vyote vizima. Hicho tu, kila nikienda majani yamepungua. Leo Daktari kanipigia simu."

"Daktari?" Bibi Kijiko alinyanyua kichwa, uso umeng'aa. "Una habari gani, mwanangu? Unasikia kichefuchefu?"

"Daktari wa majani, mama. Bosi wangu."

Uso ukazimika.

"Kasemaje?" mume aliuliza.

"Kasema haiwezekani majani yafe mahali pamoja na pembeni yake yawe mazima. Kasema ama sijui kupima, ama nakaa nyumbani natunga namba. Bamvua ijayo anakuja mwenyewe. Akiona nimevuruga, mkataba basi, anaweka mtu mwingine." Hapo akajipiga paja. "Mimi nitunge namba! Mimi, ambaye naungua na jua mpaka mgongo unabambuka! Afadhali angeniita mwizi."

Kome akamkwama Bibi Kijiko kooni. Mwanawe akampiga mgongoni mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale yakamsaidia, maana alishindwa aangalie wapi.

"Labda ni kasa," alisema alipopata pumzi. "Kasa wanapenda sana majani."

"Kasa hachimbi, mama. Mle ndani kuna mashimo. Ya duara, yamepangana, kama kuna mnyama anatafuta kitu. Mimi huyo mnyama simjui."

"Wanyama wapo wengi baharini," Bibi Kijiko alisema, akasukuma sahani kando. Ilikuwa mara ya kwanza kuonekana akiacha kome.

* * *

Kesho yake Mama Fremu aliondoka kwenda ofisini kuchukua vifaa vya ukaguzi. Hata hajafika kona, Bibi Kijiko alikuwa ameshakaa juu ya ndoo mbele ya mwanawe, aliyekuwa amelala chini ya friji.

"Baba," alimwita, maana hivyo ndivyo alivyomwita akitaka kitu. "Yule mnyama anayechimba mashimo."

"Enhe?"

"Ni mimi."

Bisibisi ikaanguka. Fundi akatoka chini ya friji polepole, miguu kwanza, kichwa mwisho.

"Mama!"

"Usinipigie kelele. Kome ulikula na wewe, tena ulilamba mpaka mchuzi."

"Mama, nenda kamwambie leo leo. Mke wangu atafukuzwa kazi!"

"Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa naingia kwenye vigingi vyake kama mwizi? Ufukwe ule wanawake hawana kazi, watanitungia wimbo. Wataniimbia mpaka kaburini." Akamshika mwanawe mkono, na safari hii hakuwa na utani. "Nampenda yule binti. Najua huwa simwonyeshi. Sitaki akiniangalia aone mtu aliyemlia kazi yake. Kesho maji bado yanakupwa vizuri. Tutarudisha."

"Tutarudisha nini?"

"Majani. Mimi nimeng'oa, mimi nitapanda. Mchicha unashika, hayo yasishike?"

Fundi alijua kwamba wazo lile ni bovu. Alijua pia kwamba kati ya mama yake na mkewe hapakuwa na nafasi ya mwanamume kusimama, alikuwa ameijaribu mara nyingi akaumia pande zote mbili. Akasema sawa.

Wakang'oa majani ng'ambo ya gati, wakajaza magunia, wakayabeba mpaka kituo cha tatu. Mpango wa Bibi Kijiko ulikuwa kuyachomeka chomeka tu na kukimbia. Lakini alikuwa amesahau amemzaa mtu wa namna gani. Fundi yule hakuweza kuona msumari umepinda akalala usingizi. Alikuja na uzi wa kupimia, na mfuko wa vibanio alivyokata kutoka kwenye rafu za friji, waya mgumu wenye ngozi nyeupe, amekikunja kila kimoja sawa na mwenzake, ili kila shina libanwe kwenye mchanga lisichukuliwe na maji.

"Mama, umepinda hapo. Ng'oa, rudia."

"Tunapanda majani, baba, hatujengi benki!"

"Kazi yangu haitakwenda upogo."

"Si kazi yako, ni siri!"

"Hata siri iwe sawasawa."

Walipomaliza, maji yakiwa yanarudi kwenye vifundo vya miguu, wakasimama kuangalia. Ndani ya vigingi palikuwa na mistari ya majani iliyonyooka kama vitunguu vya shamba la shule. Fundi alitabasamu kwa ile raha ya mtu aliyemaliza kazi. Bibi Kijiko naye, maskini, aliona pamependeza.

* * *

Kati ya siku ile na bamvua iliyofuata, Mama Fremu alitendewa wema wa kutisha. Mume alimchemshia maji ya kuoga. Mama mkwe alimfulia nguo zake, akazikunja, akaziweka ndani ya friji ya nguo kwa mpangilio wa rangi. Sasa nyinyi wenzangu mlioolewa mnajua: mama mkwe akianza kukufulia nguo bila kuumwa wala kuombwa, roho haitulii. Mama Fremu alikosa raha kabisa. Mwishowe akambana mumewe kati ya friji mbili.

"Niambie ukweli, nimejiandaa. Unaoa?"

"Nioe?" Fundi alishangaa mpaka akasahau kuogopa. "Nioe na nini? Huyu paka mwenyewe nalishiwa na wewe."

"Basi mbona mama yako ananifulia?"

"Anakupenda."

"Ndiyo maana naogopa," alisema Mama Fremu, na alikuwa hatanii.

* * *

Daktari wa majani alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia pana na viatu vya mpira, asiyepoteza neno. Alifika maji yakiwa bado yanashuka. Habari za ukaguzi zilikuwa zimeshatembea, kwa hiyo wachimba kome na wavuvi walijipanga kwenye mchanga mkavu wakijifanya wanakarabati nyavu ambazo hazikuchanika. Bibi Kijiko alikuwepo, bila kijiko. Mwanawe alikuwa pembeni yake, akiangalia mawingu.

Utaratibu ulikuwa huu: Mama Fremu anapima kwanza na kutaja namba, kisha Daktari anapima yake, halafu wanalinganisha. Kituo cha kwanza wakaafikiana. Cha pili wakaafikiana, na Daktari akaguna ule mguno wa mtu ambaye hajaridhika bado lakini anaanza.

Cha tatu kilikuwa bado na maji ya magotini, na jua lilikuwa linayapiga mpaka macho yanauma. Ukisimama huoni kitu zaidi ya ukijani. Daktari alibaki kwenye kigingi ameshika ncha ya kamba. Mama Fremu akaenda, akalaza fremu mahali pake, akainama, akaingiza mkono.

Vidole vyake vilijua kabla ya kichwa. Vilipita kwenye shina, nafasi, shina, nafasi, zote sawasawa. Tena majani yenyewe membamba, wakati ya kituo cha tatu siku zote ni mapana. Kisha vikagusa kitu kigumu. Akakivuta. Kilikuwa kibanio cha waya mweupe, na ule weupe aliujua vizuri: kila siku ulimkwangua miguu akipita sebuleni kwake.

Akageuza macho pwani. Mumewe bado alikuwa na mawingu yake. Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mashimo ya duara. Kome wanene. Nguo zilizofuliwa. Yote yakamjia kwa mpigo, na hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Ngapi hapo?" Daktari aliuliza.

Angeweza kuitaja namba. Majani yalikuwepo, yamejaa fremu, mazuri kuliko ya mwaka wote. Angesema tu kwamba yamejirudia, bahari ina mambo yake, Daktari angepima haraka kwa jua lile, angeguna, wangeendelea na cha nne. Mkataba ungebaki. Nyumba ingebaki. Mama mkwe angebaki na heshima yake, na asingemfulia tena, shukrani kwa Mungu. Alikifinya kile kibanio mpaka kikamuumiza.

"Nakuuliza, ngapi?"

"Sifuri," alisema Mama Fremu.

"Sifuri? Mbona naona kijani huko?"

"Yamepandwa. Sio ya hapa, hayahesabiki." Akasimama, maji yakimchuruzika. "Na ya mwanzo yalichimbwa. Namba nilizokutumia ni za kweli, lakini hazikuwa habari za majani. Zilikuwa habari za nyumbani kwangu."

Daktari akaja, akainama, akapapasa. Alipapasa mstari mmoja mpaka mwisho, akahamia wa pili. Alipoinuka kofia ilikuwa imemwangukia kisogoni.

"Nani kafanya hivi?"

Kabla Mama Fremu hajajibu, pwani palisikika kelele, na Bibi Kijiko akaonekana anakuja majini mbio, nguo zimelowa, anasema tangu mbali.

"Mimi! Mwache binti wa watu, nimechimba mimi, nimepanda mimi, yeye hajui kitu!"

"Wewe mama unajua umefanya nini?" Daktari alianza, akiwa amekasirika kweli.

"Kwanza hujanisalimia."

Daktari akageuka nyuma. Watu wote pwani walikuwa wanaangalia. Na mama yule, kwa umri, alikuwa wa kusalimiwa.

"Shikamoo," alisema Daktari kwa meno.

"Marahaba, mwanangu. Haya, gombana sasa."

Huwezi kumgombeza mtu baada ya hapo kwa nguvu zilezile. Daktari alijaribu. Alieleza kwamba kituo kikiguswa kinakuwa hakina maana, kwamba kazi ya miezi mingi imekwenda na maji, kwamba samaki wachanga wa ufukwe huu wanajulikana hali zao kwa vigingi vile na si kwa kitu kingine. Kisha akavaa miwani yake ya kuzamia, akatumbukiza uso, akakaa humo kitambo. Alipotoka sauti ilikuwa imeshuka kidogo.

"Kuna samaki wachanga kwenye mistari, tasi," alisema. "Wengi."

"Wao hawajaambiwa kwamba ni ya kupandwa," alisema Bibi Kijiko.

Pwani kukalipuka kicheko. Ni Mama Fremu peke yake aliyekuwa hacheki. Alikuwa analia, kimya kimya, amesimama ndani ya fremu yake.

Daktari alimtazama, kisha akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. "Hiki kituo nakifuta, na namba zake zote nazitupa. Utatafuta kingine. Utaweka vigingi vifupi, vizame, visionekane. Nitakuangalia mpaka mwisho wa mwaka. Na mtu mmoja wa nyumbani kwako akijua kilipo, mmoja tu, mkataba huna."

* * *

Nyumbani Mama Fremu hakununa. Angenuna wangejua la kufanya. Aliwaketisha wote wawili, akawaambia kwa sauti ya kawaida, "Mngeniambia. Hata usiku ule ule. Ningekasirika, ningelia, asubuhi ningempigia Daktari, yangeisha. Badala yake nimevuliwa nguo mbele ya ufukwe mzima." Kisha akaenda kulala. Mume alilala sebuleni na paka. Wanawake wa ufukweni kweli walitunga wimbo, mfupi lakini wenye kiitikio kizuri, na Bibi Kijiko aliusikia akipita sokoni, akainamisha kichwa kama anatafuta kitu kilichodondoka.

Hasira ya mtu unayeishi naye chumba kwa chumba haiwezi kudumu, inachosha. Baada ya muda chumvi ikaombwa mezani na ikapewa. Mume akaitwa chumbani. Mama Fremu akachagua kituo kipya, akaenda peke yake alfajiri, akarudi peke yake. Vidole vyake vilikuwa na rangi nyekundu ya vigingi, na Bibi Kijiko aliviona.

Alivumilia. Tumpe haki yake, alivumilia sana. Lakini kome wa kila mahali walikuwa wembamba, na mkono wake ulikuwa umezoea wanene.

"Mwanangu," alisema siku moja wakichambua mboga, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. "Hicho kipya umekiweka upande gani? Si kwa ubaya. Nisije nikapotea nikaingia, mtu mzima mimi, macho yenyewe haya."

Mama Fremu hakunyanyua uso. Aliondoa jani bovu, akalitupa. Kisha akasogea karibu, akaangalia mlangoni kama kuna mtu.

"Mama, ukimwambia mtu nimekwisha. Kule mwisho kabisa, kupita boti bovu, chini ya jiwe jeupe. Wala usisogee. Kome waliopo pale, usiseme, wanalaliana."

"Aka! Nisogee nikatafute nini?" alisema Bibi Kijiko. "Nimeuliza tu."

Keshokutwa yake hakuonekana asubuhi, wala mchana. Alirudi jioni wakiwa wanapakua chakula. Alisimama mlangoni. Tope jeusi lilimfika kiunoni na lilikuwa limeanza kukauka na kupasuka. Mguu mmoja ulikuwa na kandambili, mwingine haukuwa nayo. Ndoo ilikuwa tupu kabisa, na kijiko kilikuwa kimepinda shingo.

Fundi akaangalia dari.

"Pole, mama," alisema Mama Fremu. "Umetoka wapi?"

Bibi Kijiko alimtazama. Alimtazama kwa muda, kuanzia miguuni mpaka usoni, kama vile anamwona anashuka kwenye gari siku ile ile alipoletwa bibi harusi. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka akashikilia fremu ya mlango na tope likadondoka sakafuni.

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, mama."

"Yule Daktari na mkataba wake mkononi ulishindwa kumdanganya. Mimi umenidanganya machoni, na mboga mkononi, wala hukupepesa!"

"Ndiyo, mama."

Bibi Kijiko akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaacha alama nyeusi shavuni.

"Basi leo ndiyo umeolewa nyumba hii," alisema. "Niletee maji nioshe miguu."